Hobi iliyogeuka oda

Swali la msomaji wa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya:

"Daktari, salamu kutoka mpakani. Nina miaka 36 na watoto watatu, na kazi yangu ni kliaringi, kuwatolea watu mizigo forodhani. Mtandao ukilala, malori yanasimama, na madereva wote wananipigia mimi. Simu ya kwanza saa kumi na moja alfajiri, ya mwisho pengine saa nane za usiku. Shingo inakaza, nawagombeza watoto bila kosa, na nikilala naota fomu. Zamani nilikuwa nafuma vitambaa vya makochi, nikapenda sana, lakini wateja wakawa wengi nikaacha. Kimoja bado kiko chini ya kitanda tangu Februari, na mama aliyekiagiza alishanipa shilingi 30,000 za mwanzo. Siku hizi natazama video za simu hadi usingizi unichukue, na asubuhi naamka nimechoka zaidi. Mume wangu ana pombe yake ya malwa. Rafiki ameniambia nitafute hobi ya kutuliza akili. Nitafute ipi? Na saa ya hobi mtu kama mimi ataitoa wapi?"

Salama, dada yangu. Nianze na hilo jina la daktari: mimi siandiki dawa, ni mshauri nasaha tu hapa Mbale, kwa hiyo usitegemee vidonge katika jibu hili.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mtu anayetafuta hobi. Mara ya pili nikaona mtu ambaye hobi anayo, ila ameitia kwenye mfuko akaisukuma chini ya kitanda. Maneno yale uliyoyapita mbio, "wateja wakawa wengi nikaacha", ndiyo barua yenyewe, na nitayarudia. Tuanze kwanza na shingo yako.

Simu ya dereva ikilia saa nane za usiku, mwili wako hautofautishi lori lililokwama na nyumba inayoungua. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, misuli ya mabega na shingo inajikaza. Dakika chache baadaye inafuata homoni ya pili, kotisoli, ambayo kazi yake ni kuhakikisha damu ina sukari ya kutosha kwa hiyo vita. Nyumba ingekuwa inaungua kweli, ungechota maji, ungepiga kelele, ungebeba watoto, na nguvu hizo zote zingepata pa kwenda. Wewe umelala chali gizani unamwambia mtu, "Subiri asubuhi." Nguvu zimeitwa, kazi hakuna. Na kotisoli ina saa zake: usiku hushuka, kisha hupanda unapokaribia kuamka na muda mfupi baada ya kuamka, ili ikunyanyue. Ukiichokoza usiku wa manane, mwezi baada ya mwezi, usishangae asubuhi inapokukuta huna kitu.

Kinachotakiwa basi ni kitu kitakachouambia mwili kwamba moto umezimika. Maneno hayatoshi, "tulia" haijawahi kumtuliza mtu yeyote, na wanaoisema zaidi ni wale waliotuudhi. Mwili unaamini ishara za mwili: pumzi inayotoka polepole, misuli inayofanya jambo lilelile kwa mwendo mmoja, macho yaliyotua mahali pamoja.

Sasa tazama zile video. Macho yana kazi, masikio yana kazi, ila mikono yako imelala, isipokuwa kidole gumba kimoja. Ya kwanza ni mtoto anacheza, ya pili ni mchekeshaji, ya tatu ni ajali ya barabarani, ya nne mtu anakuuzia kiwanja. Kila moja inaugutusha ubongo upya, na hakuna ya mwisho, hakuna mahali ambapo video zinakuambia, "Haya, tumemaliza, kalale." Na zaidi ya yote, chombo chenyewe ni kilekile kinacholia saa nane. Kupumzika na simu kwa mtu wa kazi yako ni sawa na kwenda kupunga upepo kwenye yadi ya malori.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo hunifurahisha. Jirani zako Wakenya wa ng'ambo ya geti, watoto wao shuleni huandika insha ya "Uraibu wangu", wakimaanisha mpira, kusoma hadithi, kufuga sungura. Neno hilohilo, uraibu, ndilo tunalotumia kwa mtu aliyeshikwa na bangi au kamari. Wengine huona ni utata wa lugha. Mimi huona lugha imetuonya mapema kwamba vitu hivyo viwili vinakaa nyumba moja, na mlango kati yao ni mwembamba. Kipimo changu ni hiki: ukimaliza, unainuka vipi? Mtu akitoka kwenye uraibu mwema huinuka akiwa na njaa, au usingizi, au hamu ya kuongea na mtu. Akitoka kwenye uraibu mbaya, huinuka akikitaka kilekile alichokiacha. Video zako zinakuangusha kwenye kipimo hicho kila usiku. Kubeti pia, ikiwa kuna mtu hapo nyumbani atakayekuambia kwamba tiketi ya mechi ndiyo hobi yake. Mtu hatulizwi na kitu kinachomfanya aamke usiku kuangalia matokeo.

Sasa turudi chini ya kitanda.

Kufuma kwa sindano ya ndoano kuna karibu kila kitu ambacho mwili wako unaomba. Mikono yote miwili inahitajika, kwa hiyo simu haishikiki. Kila kitanzi ni kama kilichopita, lakini ukiacha kuhesabu unakosea, kwa hiyo akili haipati nafasi ya kuzurura hadi getini. Pumzi inajipanga yenyewe na mkono, na pumzi ya kutoa ikirefuka, mapigo ya moyo hupungua; ndivyo moyo ulivyounganishwa na mapafu, huhitaji kuamini chochote ili itokee. Halafu unaona duara likikua. Kazi ya kliaringi haikui mbele ya macho: leo umetoa malori kumi, kesho yako palepale kumi mengine, na ukifanya vizuri hakuna anayejua. Kitambaa kinakumbuka ulichokifanya jana.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na vipande vya karatasi vya kubandika, wakawaachia dakika 45 watengeneze wanachotaka. Waliwapima kotisoli kwenye mate kabla na baada. Kwa takriban robo tatu yao ilikuwa imeshuka, na aliyewahi kuchora maishani hakumshinda asiyewahi. Ulikuwa utafiti mdogo, na hawakuweka kundi la pili la kulinganisha, kwa hiyo usiende kuutangaza sokoni kama tiba. Ninaupenda kwa jambo moja tu: haukudai ustadi. Kipaji hakihitajiki. Mikono inatosha.

Basi kama kufuma ni kuzuri hivyo, kwa nini kulikuchosha mpaka ukakificha kitambaa? Hapa kuna utafiti mwingine, wa zamani zaidi, ambao kila mara nikimwona mtu kama wewe naukumbuka. Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake wawili walikwenda kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakachagua watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora. Wengine hawakuahidiwa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena darasani, bila cheti, bila mwalimu wa kuwasukuma. Wale walioahidiwa cheti walichora karibu nusu ya muda wa wenzao. Kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anakitaka?

Wewe cheti chako kilikuwa oda. Mteja wa kwanza alikusifu, ukafurahi. Wa pili akataka rangi ya zambarau ilingane na mapazia yake. Wa tatu akalipa nusu na kukuuliza kila Jumapili kanisani kimefika wapi. Sindano ileile, uzi uleule, ila sasa kuna mtu mwenye kuchagua rangi, tarehe na bei, na mtu huyo si wewe. Mwaka 2007 watafiti wawili wa saikolojia ya kazi, Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, walichambua ni nini hasa humrudishia mtu nguvu baada ya kazi, na kati ya mambo manne waliyoyataja limo hili: kuwa na hiari juu ya muda wako, kuamua mwenyewe ufanye nini na lini. Jingine ni kuiacha kazi kimawazo, kuitoa kichwani kabisa. Oda ilikunyang'anya yote mawili. Ukawa na kliaringi mbili, moja ya makontena na moja ya makochi.

Najua utasema: Uganda hii, nani anayekaa na kitu kinachoweza kuuzika asikiuze? Kweli, kwetu ukionekana na kitu kizuri mkononi, swali la kwanza si "umejifunza wapi", ni "wauza pesa ngapi". Kila mtu ana biashara ya mchana na nyingine ya pembeni, na mimi siwezi kumhubiria mama mwenye karo ya watoto watatu kwamba pesa ni uchafu. Kule Zimbabwe kuna mpango uitwao Benchi la Urafiki, ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ambapo kina bibi waliofundishwa hukaa kwenye benchi nje ya zahanati wakiwasikiliza wenye mawazo mengi. Baada ya vikao vya benchi, wanawake hukutana vikundi vikundi, na wakiongea hufuma mifuko kwa plastiki zilizotupwa. Mifuko hiyo huuzwa. Na inawafaa, kwa sababu kwa wengi wao ukosefu wa pesa ndio ugonjwa. Kama pesa ndiyo inayokukosesha usingizi, uza vitambaa, weka bei nzuri, na uite kazi. Lakini barua yako haikulalamikia pesa. Ililalamikia simu, shingo na fomu ndotoni. Kwa hiyo wewe unahitaji kitu kimoja maishani ambacho hakina mteja.

Ninachokushauri ni hiki. Rudisha zile 30,000. Mwambie mama huyo hukuweza, pole sana, kuna mafundi wengine. Atanuna wiki moja. Kisha uanze kufuma tena kitu ambacho hakiuziki: kibaya cha rangi, kidogo mno, au kikubwa kupita kiasi. Kofia ya mtoto wa mwisho yenye masikio ya paka. Mtu akikuuliza bei, jibu liwe tayari mdomoni: "Hiki si cha kuuza, ni cha mkono wangu." Akisisitiza, mpe kilichokwisha kama zawadi, zawadi unaamua wewe, oda anaamua yeye.

Kuhusu saa. Unatafuta saa nzima na hutaipata. Tafuta nusu saa, na usiitafute usiku wa manane ukiwa umeshakwisha. Watoto wakifanya kazi za shule mezani, kaa nao na uzi wako. Wao wanaandika, wewe unahesabu vitanzi, na nadhani utashangaa jinsi ugomvi unavyopungua mtu mzima akiwa ametulia mezani badala ya kupita pita akifoka. Mtandao ukilala pale mpakani, kila mtu husimama dirishani akilaani. Wewe toa sindano mkobani. Kulaani hakujawahi kuuamsha mtandao. Ila ficha kidogo, la sivyo kufikia saa sita utakuwa na oda tano.

Na simu. Hili ni gumu kuliko uzi. Kuanzia saa fulani, wewe uitaje, sema saa tatu za usiku, simu ya kazi ilale chumba kingine. Madereva watakasirika wiki mbili. Kama kuna mwenzako wa kliaringi unayemwamini, pokezaneni zamu: Jumatatu yeye anapokea za wote wawili, Jumanne wewe. Lori lililozimwa saa tisa za usiku halitoki kwa sababu wewe uko macho. Uzi bila hatua hii utakuwa pambo tu; ukiniambia utafanya moja kati ya hayo mawili, ningechagua simu.

Ikiwa sindano imekutia kinyaa kabisa na hutaki kuiona, hutaachwa mikono mitupu. Wateso wana akogo, ile kalimba ya vyuma vilivyobandikwa kwenye kibao, hupigwa kwa vidole gumba; tafuta mzee wa kukufundisha na vidole gumba vyako vitapata ajira bora kuliko kusukuma video. Kuna mweso: safu 4 za mashimo 8, kete 64, binamu wa bao la Waswahili, na huwezi kuhesabu kete huku unawaza kontena. Cheza bila pesa. Ukiweka hata shilingi 1,000 ubaoni, umerudi kazini. Kuna mboga za dodo na nakati kwenye gunia la udongo mlangoni. Kuna kupanda Mwamba wa Tororo Jumapili, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, sehemu nyingine kwa ngazi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima atembee kwa kasi au afanye kazi ya kutoa jasho angalau dakika 150 kwa wiki, na mwamba huo utakutoa nyingi kwa mpigo mmoja. Mimi mwenyewe sifumi wala sipandi miamba. Nikichoka na matatizo ya watu, naenda kwenye mashamba ya mpunga ya Doho, Butaleja, nakaa kwenye tuta na kutazama yangeyange wakitembea majini kama makarani wanaokagua mizigo. Sijui majina ya nusu ya ndege ninaowaona na sina mpango wa kuyajifunza. Siku nitakayoanza kuandika orodha nitajua nimeharibu.

Mume wako na malwa yake. Sina ugomvi na ile duara. Watu wameketi kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, pombe ya wimbi inaongezwa maji ya moto, habari zinapita polepole na hakuna anayekimbia: wazee walijua walichokuwa wanakipanga. Kinachomtuliza kwa sehemu kubwa ni ile duara. Pombe yenyewe humlaza haraka na kumwamsha kabla ya alfajiri, na anayeitumia kila siku kuzima mawazo huyakuta yamemsubiri. Lakini mpeni haki yake, yeye anakaa na watu. Wewe unatazama video peke yako. Labda wivu wako kwa malwa si wa bure. Labda na wewe unataka duara. Kina mama wawili au watatu wenye sindano chini ya mwembe Jumamosi jioni ni duara pia, na chai inatosha.

Sasa neno zito kidogo, na nalisema kwa sababu kwa barua moja siwezi kukuona uso. Hobi inafaa kwa mtu aliyechoka. Kama umekosa usingizi karibu kila usiku kwa wiki mbili na zaidi, kama chakula hakina ladha, kama hata watoto wakicheka husikii kitu moyoni, au kama umewahi kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, hiyo si kazi ya uzi. Usisubiri imalizike yenyewe. Hospitali za rufaa za mikoa, ya hapa Mbale ikiwemo, zina kitengo cha afya ya akili, na Kampala kuna hospitali ya Butabika. Ukiwa na wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo na umwambie mtu akusindikize. Na usiogope kwamba utapewa dawa tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa kwenye vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ulionyesha kwamba watu wenye sonona waliokutana kikundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao, walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwa kwenye vikundi. Kukaa pamoja na kuongea, tena kwetu hapa.

Lakini kwa jinsi barua yako ilivyoandikwa, yenye utani wa fomu ndotoni, nadhani bado uko upande wa waliochoka.

Kwa hiyo leo usiku, simu ikiwa chumba cha pili, vuta ule mfuko kutoka chini ya kitanda. Usijaribu kukimalizia kile kitambaa. Tafuta ncha ya uzi pale ulipoishia Februari, uivute. Kitafumuka safu kwa safu, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayepasua karatasi mbali, na utakuwa unakunja uzi kuwa donge mkononi. Mtoto wa mwisho akiwa bado macho, mpe yeye avute.